Rangi za Wino na Kipande cha Chaki

Mwalimu anapofundisha kutenganisha michanganyiko, mara nyingi huanza na ungo, akaja kwenye kifumbu, akamalizia na maji ya chumvi yaliyoanikwa juani. Hatuna ugomvi na mifano hiyo, kwani mtoto huijua tangu nyumbani. Lakini katika yote hiyo tofauti ya vitu iko wazi: pumba ni nyepesi kuliko mchele, na chicha haiwezi kupita katika matundu ya kifumbu. Je, vitu vikiwa vimeyeyuka pamoja, vyote vikapita katika kitambaa kile kile, tufanyeje? Swali hilo hujibiwa na kromatografia ya safu, nasi twashikilia kwamba halimshindi mtoto wa darasa la sita, mradi asifundishwe kama anayetazama mazingaombwe.

Njia hii ilielezwa mjini Warsaw mwaka 1903 na mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, ambaye mwaka 1906 aliipa jina lake. Alishindilia unga laini wa chaki katika bomba jembamba la kioo, akamimina juu yake rangi ya majani mabichi iliyoyeyushwa, kisha akaendelea kumimina kiyeyushi kitupu. Kila rangi ilivutwa na pande mbili: unga uliishika, kiyeyushi kiliichukua. Iliyoshikwa sana ilichelewa juu, na iliyoshikwa kidogo ilitangulia chini, hata bomba likaonyesha mikanda ya kijani na ya manjano. Maabara za leo hutumia zaidi unga wa silika au alumina, na kila kampaundi inapofika chini hukingwa katika chombo chake.

Shuleni bomba halihitajiki. Chukua chaki nyeupe, uizungushie mstari wa wino mweusi wa kalamu ya kuchorea, sentimita 2 kutoka kitako, kisha uisimamishe katika maji yasiyofikia mstari huo. Maji yakiufikia, wino utayeyukia kikombeni na kazi itapotea. Hapa maji hupanda, ilhali katika bomba la Tsvet kiyeyushi kilikuwa kikishuka; watoto waambiwe hivyo waziwazi. Kalamu yenyewe ijaribiwe siku iliyotangulia, maana wino mwingine mweusi una rangi moja tu.

Wino ukigawanyika, darasa litashangilia, na wengi wetu hudhani somo limekwisha. Kwa maoni yetu ndipo linapoanza. Waulize watoto rangi zimetoka wapi, na usistaajabu wakikujibu kwamba zimetoka ndani ya chaki. Jibu hilo lisichekwe. Tsvet naye alipingwa na baadhi ya wanakemia waliodai kwamba unga wenyewe huziharibu rangi na kuzigeuza, na njia yake ikapuuzwa kwa miaka mingi. Ilifufuliwa mwaka 1931 huko Heidelberg, Richard Kuhn na wenzake walipoitumia kuigawa karotini, rangi ya karoti, katika aina mbili. Tsvet hakuyaona hayo; alifariki mwaka 1919.

Basi watoto wapewe nafasi ya kuamua wenyewe. Chaki isiyo na wino isimamishwe majini: ikibaki nyeupe, shutuma dhidi ya chaki imepungua nguvu. Kisha chaki yenye rangi ivunjwe kufuata mikanda, kila kipande kilowekwe katika maji machache, na maji hayo yachanganywe. Rangi itakuwa hafifu, lakini itarudia giza la wino wa kwanza. Mwalimu anayetangaza jibu kabla ya majaribio haya amewanyima watoto sehemu iliyo bora ya somo, hata kama ubao wake umejaa maelezo sahihi.

Jaribio la mwisho ni la wino wa kalamu ya kawaida ya kuandikia, ile yenye kijipira nchani. Katika maji wino huo hukaa pale pale ulipowekwa. Katika spiriti huanza kupanda. Chaki ni ile ile na wino ni ule ule, kilichobadilika ni kiyeyushi tu. Spiriti hiyo ni kiasi cha kifuniko cha chupa, madirisha yawe wazi, na pasiwe na jiko wala kibatari chumbani.