Bi Harusi, Kabla ya Singo Panda Kilima na Shoga Yako



Msimu wa harusi umeingia, na kila siku naulizwa habari za singo, hina na nguo. Leo nina ushauri mwengine, ambao baadhi ya mama zetu watanikunjia uso: wiki chache kabla ya akdi, bi harusi atoke siku nzima akatembee milimani na shoga yake.

Mwaka jana nilikwenda Kigoma kwa harusi ya shoga yangu. Kwao ni Mwandiga, pale inapoanzia barabara ya Manyovu. Tulipoaga, shangazi yake aliguna: "Mwari hapandi milima, jua litamla rangi." Tukamwomba radhi, tukatoka baada ya Alfajiri, baibui juu, suruali ndani, raba miguuni. Mdogo wake wa kiume alitangulia kutuonesha njia.

Milima ile ni mawe na nyasi kavu za kiangazi, kivuli cha kuhesabu. Saa ya kwanza tulicheka. Ya pili tukahema. Ya tatu akaanza kusema.

"Kaniambia nikishaolewa, mashoga basi. Sikumjibu kitu."

Neno hilo alikuwa nalo moyoni miezi miwili. Nyumbani amezungukwa na watu kutwa: huyu anampima nguo, yule anampa wasia, na hakuna anayemuuliza. Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Tunamtayarisha mwari ngozi na nywele, halafu tunamnyima nafasi ya kusema linalomtisha. Mkitembea pamoja hamtazamani usoni, na neno zito hutoka kwa wepesi. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipomsikia mtu akimsifu mwenzake, alimuuliza kama amewahi kusafiri naye. Safari hufichua watu.

Tuliswali Adhuhuri juu ya kilima, Ziwa Tanganyika likiwa mkono wetu wa kushoto, na ng'ambo milima ya Kongo. Tukala chapati na dagaa wa kukaanga. Kisha nikamwambia: usimjibu kwa hasira, wala usinyamaze. Mwambie baba yako, naye azungumze na bwana harusi kabla ya akdi.

Alifanya hivyo. Kumbe kijana alikuwa anahofia shughuli za usiku, si mashoga. Wakakubaliana. Lakini je, angeingia nyumbani kwa mumewe na hofu ile imefungwa kifuani? Ndoa ngapi zinaanza hivyo?

Wapo watakaosema milima si ya wanawake. Nawakumbusha kwamba kila haji, mwanamume au mwanamke, anakwenda mara saba baina ya Safa na Marwa kwa kufuata nyayo za mama mmoja, Bibi Hajar, aliyekuwa akimtafutia mwanawe maji. Na hapo hapo Kigoma, Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960 akiwa na miaka 26, wakuu wa serikali ya kikoloni hawakumruhusu akae porini peke yake. Alikuja na mama yake mzazi, akapanda vilima vile kuwachunguza sokwe. Kuwa na mwenzako hakukupunguzii kitu.

Sisemi uache singo. Nasema tenga siku moja. Pata ruhusa ya wazazi, nenda na wa kuwasindikiza, vaa stara, chukua maji ya kutosha, rudi kabla ya Magharibi. Na ukichagua wa kwenda naye, usimchague anayejua kupiga picha nzuri. Mchague anayejua kusikiliza, tena asiyetoa siri. Haya ya shoga yangu nimeyaandika kwa idhini yake.

Jua lilimla rangi kidogo, kweli. Siku ya harusi hakuna aliyeliona hilo. Tulichokiona ni bi harusi aliyekaa ametulia.

Allah awajaalie ndoa zenye utulivu na mapenzi. Amin.