Verckys: Mpuliza saksafoni aliyekataa kuwa kibarua

Jumapili kama ya leo, iwe ni Jericho, Maringo au Kaloleni, haikosi nyumba inayopiga rumba ya zamani. Ukiuliza, mzee mwenye redio atakujibu kwamba huyo ni Franco na OK Jazz, na maongezi yataishia kwa Franco. Leo tega sikio kwenye saksafoni. Ikiwa wimbo ni wa kati ya 1963 na 1969, huenda anayepuliza ni Verckys Kiamuangana Mateta.

(Neno "Jazz" lisikubabaishe. Kwetu lilikuwa na maana ya bendi ya dansi tu. Hata Shirati Jazz ya D.O. Misiani ilipiga benga.)

Verckys alizaliwa Kisantu, Kongo, mwaka 1944. Alimhusudu mpuliza saksafoni wa Marekani, King Curtis, na "Curtis" masikioni mwake likasikika "Verckys". Akalitwaa likawa jina lake.

Mwaka 1968, Franco akiwa Ulaya, Verckys aliwachukua wenzake kadhaa wa OK Jazz hadi studio kisirisiri, akarekodi nyimbo zake mwenyewe. Franco aliporudi, moto ukawaka. Mwaka uliofuata Verckys akafungasha virago na kuunda Orchestre Vévé. Wako wanaouita huo usaliti, na sitabishana nao. Lakini jiulize: mpiga ala analipwa mshahara wake, santuri inauzwa miaka nenda miaka rudi, hela zinaingia mfuko wa nani?

Verckys aliamua ziingie wake. Akaanzisha lebo ya Vévé na kutoa santuri za bendi za vijana, ikiwemo Bella Bella ya ndugu wawili, akina Soki. Hao nao wakaachana naye. Mwaka 1973 akaunda Lipua Lipua, akamweka mbele Nyboma, kijana mwenye sauti nyororo kama asali. Baadaye Nyboma pia akaondoka, akaunda Les Kamale. Aliyemtoroka tajiri wake naye akatorokwa! Kwa hiyo, nyinyi vijana mnaofanya mazoezi kwenye kumbi za mitaa yetu, kabla ya kurekodi andikianeni ni nani mwenye wimbo, hata kama kiongozi wa bendi ni rafiki yako wa toka shule ya msingi.

Tusije tukamdhania mfanyabiashara tu. Katika Nakomitunaka, wimbo wa mwaka 1972, alimuuliza Mungu kwa nini kwenye picha za kanisani malaika ni weupe na shetani ni mweusi. Makasisi hawakufurahi hata kidogo.

Verckys aliaga dunia Oktoba 2022 akiwa na miaka 78. Mwaka 2014 kampuni ya Analog Africa ilikuwa imekusanya nyimbo zake za 1969 hadi 1978 katika albamu moja. Humo umo mmoja ambao jina lake halihitaji mkalimani hapa Eastlands: Cheka Sana.