Wana Igamba, Mechi Ipigwe



Tangu kahawa ianze kuchumwa, kijiweni hakuna habari nyingine: mechi ya kirafiki ya kufungua msimu iahirishwe mpaka mambo yakae sawa. Sababu zinazotajwa ni za kweli kabisa. Mfadhili aliyekuwa akibeba nauli na jezi amejitoa. Kipa na mshambuliaji wetu wameshuka Tunduma, ambako angalau kuna posho. Deni la Hiace ya msimu uliopita halijalipwa, na juu ya yote kuna manung'uniko kuhusu fedha za viingilio ambazo hesabu yake hatujawahi kusomewa. Mimi nasema mechi ipigwe, na ipigwe kwa sababu hizo hizo.

Kwa kuwa wengi wetu hapa ni Yanga au Simba kabla hatujawa kitu kingine, nianze na mfano ambao hata watu wa Msimbazi wataukubali, ingawa kwa shingo upande. Mei 2017 Yusuf Manji alijiuzulu uenyekiti wa Yanga na mfuko wake ukaondoka naye. Yaliyofuata mnayajua. Mishahara ikachelewa, wachezaji wakanung'unika, na kufika msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera, mgeni kutoka Kongo, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuwahimiza mashabiki wachange. Watani wakacheka kuhusu hilo bakuli la michango mpaka wakachoka. Timu hiyo hiyo ya bakuli ikamaliza ligi nafasi ya pili. Juni 2019 wanachama wakakutana Diamond Jubilee kuchangia usajili, na tarehe 4 Agosti wakahitimisha Wiki ya Mwananchi ya kwanza kwa mechi ya kirafiki na Kariobangi Sharks ya Kenya. Ikaisha 1-1. Sare, tena nyumbani! Lakini watu walilipa kiingilio, wakanunua jezi, wakachangia damu, wakarudi makwao wakijiona ni wenye timu.

Najua mtanijibu kwamba baadaye wafadhili wa GSM waliingia na fedha. Waliingia, ndiyo, lakini walikuta klabu ina watu. Tajiri haweki fedha kwenye uwanja mtupu.

Sasa geuzeni macho kwa majirani zetu wa Mbarali. Tarehe 29 Novemba 2022 Ihefu iliifunga Yanga 2-1 pale Highland Estates, ikakata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Siku ile Nyanda za Juu Kusini nzima ilitembea kifua mbele. Haikupita hata miaka miwili, timu ikahamia Singida na kubadilishwa jina. Leo inaitwa Singida Black Stars. Mkulima wa mpunga aliyepiga kelele mpaka sauti ikamkauka amebaki na simulizi. Timu yenye mwenyewe mmoja huenda anakotaka mwenyewe.

Na hapa Mbozi tulikuwa na Kimondo, iliyolibeba jina la jiwe letu la Ndolezi mpaka Ligi Daraja la Kwanza katikati ya miaka ya 2010. Muulizeni kijana wa miaka 15 anayecheza winga leo kama anaifahamu.

Kwa hiyo naomba tusiichukulie mechi hii kama burudani ya kungojea neema. Iwe siku ya kuihamisha timu kutoka mfuko wa mtu mmoja kwenda mifuko yetu. Tarehe ninayopendekeza ni Jumapili ya kwanza baada ya Nanenane. Waliokwenda kwenye maonyesho Mbeya watakuwa wamerudi, ibada zitakuwa zimekwisha, na mwenye kahawa kichanjani anaweza kuiacha kwa saa mbili bila hofu ya mvua.

Kiingilio kiwe shilingi 500, watoto bure. Mlangoni kuwe na daftari mbili: moja ya kiingilio, nyingine ya wanachama. Anayejiandikisha aahidi shilingi 1,000 kwa mwezi. Tukipata watu 300, hiyo ni shilingi 300,000 kila mwezi. Haitatupeleka Ligi Kuu, lakini inalipa nauli ya ligi ya wilaya, inanunua mipira, inapunguza deni la Hiace kidogo kidogo. Ambaye kahawa yake haijalipwa aandike jina tu, fedha itafuata ushirika ukilipa. Hakuna atakayeachwa nje kwa ajili ya shilingi elfu moja.

Jambo la pili ndilo gumu zaidi, na hapa nawaomba viongozi wetu wasinune. Wakati wa mapumziko, badala ya mgeni rasmi kupewa kipaza sauti atuambie michezo ni afya, mweka hazina asimame katikati ya uwanja asome: zilizoingia mlangoni leo, zilizotumika kwa chokaa, waamuzi na maji, na deni lililobaki. Asome tarakimu moja moja. Dakika tano zinatosha. Mzee mmoja aliniambia kwamba haogopi kuchangia, anaogopa kuchangia gizani, na sijui kama kuna mtu hapa anaweza kumbishia.

Kuhusu mpinzani, wapo wanaotaka tuvuke mpaka tulete timu kutoka Nakonde ili mechi ionekane ya kimataifa. Ni wazo tamu, lakini kucheza na klabu ya nchi nyingine kunataka vibali vya shirikisho, na sisi hata nyavu za goli la upande wa shule zimetoboka kiasi kwamba msimu uliopita watu walikaribia kushikana mashati wakibishania kama mpira ulipita ndani au nje. Mwaka huu tuwaite Mlowo. Ni karibu, wana mashabiki wenye mdomo, na kuwafunga wao kuna raha yake.

Kazi zilizobaki ni za mikono. Vijana wa bodaboda, Jumamosi ya kabla ya mechi tunawahitaji asubuhi na majembe: ile mifereji iliyochimbwa na mvua za masika kwenye kona ya chini imeshavunja kifundo cha mchezaji mmoja, isivunje cha pili. Mafundi cherehani, nyavu ni zenu. Akina mama mnaouza chakula, upande wa mashariki wa uwanja ni wenu bila ushuru siku hiyo, na atakayedai ushuru atajwe kwa kipaza sauti kile kile. Walimu, tuleteeni wanafunzi wenye mwandiko unaosomeka wakae na daftari.

Na ninyi mliohamia Tunduma kuchezea posho, hakuna aliyewakasirikia. Kama siku hiyo hamna mechi, njooni mvae jezi ya nyumbani hata kwa kipindi kimoja. Zile za zamani zipo, zimefuliwa.

Mpira unaanza saa tisa na nusu alasiri. Viti vya wageni rasmi havitapangwa. Anayetaka kukaa aje na stuli yake, na shilingi 500 mkononi iwe kamili, chenji itasumbua.