Mkulima si mtoto: apewe pesa, na apewe mbele ya kupanda

MASISI, Kivu ya Kaskazini – Kila mara shirika linapotangaza kama litawapa wakimbizi wa ndani na wale waliorudi vijijini pesa badala ya unga, neno moja linatangulia katika mikutano: "Wanaume watakunywa yote kasiksi." Neno la pili linafuata nyuma yake: "Watu wa kijiji hawajui kupanga pesa." Wenye kusema hivyo ni watu wanaopokea mshahara wao mwisho wa mwezi, kwa pesa, na hakuna anayewauliza walinunua nini. Hakuna hata mmoja kati yao angekubali kulipwa kwa mafuta ya kupikia na sabuni.

Mama anayelisha watoto sita kwa malipo ya kibarua cha siku moja anajua hesabu. Kama hangeijua, watoto wale hawangekuwa wazima leo. Kumfanya kama mtoto asiyeweza kushika pesa ni matusi, hata kama matusi hayo yanasemwa kwa sauti ya huruma.

Yeyote aliyepita karibu na mahali pa kugawia msaada anajua kinachotokea. Asubuhi watu wanapanga mstari, jeto mkononi. Wanapewa unga, maharagi, mafuta, chumvi, pengine na bashi. Mchana haujaisha, mfuko ule ule unauzishwa kando ya barabara. Si kwamba watu wameshiba. Mtoto ana malaria na duka la dawa halipokei unga. Mwenye shamba anadai kodi. Shule inadai makuta. Mnunuzi anaona kama mama ana haraka, kwa hiyo anataja bei anayotaka yeye. Msaada uliosafirishwa kwa malori, ukalipiwa mafuta, depo na walinzi, unageuka pesa hata hivyo. Lakini inakuwa pesa kidogo, na faida inabaki kwa mfanyabiashara. Kisha wanakuja wakubwa kuwakaripia watu kama wameuzisha msaada.

Jambo hili lilikwisha kupimwa, tena hapa hapa Masisi. Shirika Concern Worldwide lilisaidia familia za wakimbizi wa ndani katika kambi moja, kila familia ikipata thamani ya dola 130. Kundi moja lilipewa pesa, lingine likapewa kuponi za kununulia vitu kwenye soko lililopangwa na shirika. Mtafiti Jenny Aker alifuata makundi yote mawili, na matokeo yakatolewa mwaka 2013. Waliopewa pesa walinunua vitu vya namna nyingi zaidi, vya chakula na visivyo vya chakula. Kwa upande wa kula, tofauti haikuonekana, kwani wenye kuponi nao waliuzisha sehemu ya vitu walivyopata. Na kugawa pesa kuliligharimu shirika kidogo kuliko kugawa kuponi. Kwa maneno mengine, wale waliotaka kumwamulia mkimbizi cha kununua walitumia pesa nyingi zaidi, na hawakumletea sahani iliyojaa zaidi.

Tena kuna jambo ambalo hata mashirika yanayogawa pesa hayapendi kulisikia. Pesa ndogo inayokuja vipande vipande, bila kuangalia majira ya shamba, inalisha tu. Haijengi maisha. Mkulima anahitaji kiasi cha kutosha, na anakihitaji kwa wakati wake.

Chukua mfano wa familia iliyorudi. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka 2025, M23 waliteka Goma. Katika majuma yaliyofuata, kambi kubwa zilizozunguka mji zilibaki wazi, Bulengo, Lushagala na nyingine. Watu kwa maelfu walirudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Wengi walikuta nyumba haina mabati na shamba limekuwa pori. Ulikuwa ni wakati majirani wanatayarisha msimu B, lakini aliyerudi hakuwa na jembe wala mbegu.

Familia ya namna hiyo inaanza wapi? Baba na mama wanaenda kulimia wengine, ili watoto wale jioni. Siku nzuri za mvua zinapita wakiwa ndani ya shamba la mtu. Wanapofikia shamba lao, majirani wamekwisha kupanda, na ile mbegu kidogo iliyokuwapo imekwisha kuliwa. Wanapanda kwa kuchelewa, wanavuna kidogo, na msimu unaofuata wanarudi tena kulimia wengine. Mtu anayepita kwa gari anaona shamba limelimwa nusu, anasema watu hawa ni wavivu. Kumbe nguvu zao zote zilikwenda kwa shamba la jirani.

Sasa weka pesa ya kutosha katika mikono ya familia hiyo majuma matatu mbele ya kupanda. Wanalipa kodi ya shamba. Wananunua jembe na mbegu ya maharagi. Sehemu nyingine wanaitunza kwa bugali na sombe, na hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wa ofisi wanaisahau. Chakula hicho kinawafanya wasiende kwa kibarua, wapande shamba lao siku moja na majirani. Baada ya miezi mitatu hivi, maharagi yanavunwa. Sehemu inaliwa, sehemu inakuwa mbegu, sehemu inaenda sokoni. Kutoka hapo wananunua dende wachache, na dende hawakawii kuzaa. Mama anaingia AVEC ya kijiji, anaweka akiba kidogo kila juma, na siku mtoto akigonjwa anakopa pale badala ya kuuzisha jembe. Mwaka ukipita, kama Mungu akisaidia na bunduki zikinyamaza, kuna mbuzi mbele ya nyumba. Familia hii haingoji tena jeto.

Mfuko wa unga ungefika siku ile ile, ungeliwa, na familia ingebaki pale pale ilipokuwa.

Unga una nafasi yake, hakuna anayekataa. Pale ambako barabara imekatwa na soko limefungwa, pesa ni karatasi tu, mtu apewe chakula. Na ni kweli pia kama pesa haifukuzi bunduki. Lakini hata vita vinatoa ushuhuda wake. Mama akikimbia usiku na mtoto mgongoni, mfuko wa unga unabaki kwa waliomfukuza. Pesa iliyo ndani ya simu inakimbia naye.

Turudi kwa kasiksi. Wachumi wawili, David Evans na Anna Popova, walikusanya tafiti 19 za sehemu mbalimbali za dunia kuhusu familia maskini zilizopewa pesa. Mwaka 2014 walieleza kama, kwa jumla, pesa hizo hazikuongeza matumizi ya pombe na tumbako. Walevi wapo, kama wanavyokuwapo katika ofisi za mjini. Hakuna aliyefunga mishahara ya mji mzima kwa sababu ya mlevi mmoja.

Wengine wanasema bei zitapanda sokoni. Kule Siaya, nchini Kenya, familia zaidi ya 10,000 zilipewa karibu dola 1,000 kila moja, na watafiti hawakuona bei zikipanda isipokuwa kidogo sana. Masisi si Siaya: barabara za hapa zina vizuizi, na kila kizuizi kinakula. Hiyo ni sababu ya kuangalia soko mbele ya kugawa. Si sababu ya kumnyima mkulima.

Hatari ya kweli iko mahali pengine. Mwaka 2023 shirika GiveDirectly, linalotuma pesa kwa simu, lilitangaza lenyewe kama karibu dola 900,000 za familia za Kivu ya Kusini ziliibwa, na kwamba wafanyakazi wake walikuwa ndani ya wizi huo. Hawakuwa wanywaji wa kasiksi. Walikuwa watu waliosoma, wenye kazi na beji. Na katika vijiji, kila mtu anajua wale wanaoandika majina ya ndugu zao, wale wanaoomba "soda" ili jina lisikatwe, na wale wanaongoja mama atoke kwenye kabini ya simu ili wadai fungu lao. Mkulima anatuhumiwa kuharibu pesa ambazo wengine wamezila mbele hajaziona.

Tangu mabanki yalipofunga milango Goma mwaka 2025, shida nyingine imeongezeka. Pesa taslimu zimekuwa haba, na wenye kabini wengi wamepandisha kile wanachokata wakati wa kutoa. Familia inayotumiwa kiasi fulani ikashika pungufu imeibiwa pia, hata kama hakuna aliyevunja mlango.

Na msaada wenyewe umepungua. Mwaka 2024 Marekani ilitoa karibu asilimia 70 ya pesa za msaada wa kibinadamu zilizoingia Kongo, na mwaka 2025 ikakata sehemu kubwa. Kilicho kidogo kisiishie kwa mafuta ya malori na semina za hoteli. Kifike kwa mkulima kikiwa kizima.

Yanayotakiwa si magumu. Pesa ya msimu A ifike mbele ya mwezi wa tisa, na ya msimu B mbele ya mwezi wa pili. Iwe kiasi kinachotosha shamba pamoja na chakula cha kungojea mavuno. Namba ya simu iwe ya mama mwenyewe, si ya chefu wala ya muandikishaji. Orodha ya majina isomwe mbele ya watu wote, ili aliyeachwa aseme na wa bandia ajulikane. Gharama ya kutoa pesa ilipwe na shirika. Lakini siku ya malipo isitangazwe kwa kipaza sauti wala kwa redio, kwani wenye silaha nao wanasikiliza redio.

Katika mkutano ujao, watu wa shirika watakapokuja na daftari zao, wakaaji wasiulize tu ni nani ataandikwa. Waulize pia: pesa hiyo itafika mbele ya kupanda, ao kisha? Na jibu waliandike, pamoja na tarehe.