Namba 2520 na Haki za Watu

Mwezi huu twaitazama namba 2520. Ndiyo namba ndogo kabisa igawanyikayo bila baki kwa kila namba kuanzia 1 hata 10. Siri yake ni viungo vyake: 8 × 9 × 5 × 7. Kiondoe kimoja, na sifa hiyo hutoweka.

Tuseme mchimbaji wa Geita au Kahama amefariki, ameacha gramu 2520 za dhahabu safi, mjane, mama, na watoto wa kiume na wa kike. Thumuni ya mjane ni gramu 315, sudusi ya mama 420, na 1785 ni za watoto. Hesabu tamu!

Lakini je, dhahabu hiyo iliyokaa mwaka mzima ilitolewa zaka? Ikiwa bado, moja ya arubaini, yaani gramu 63, ni deni. Katika madhehebu ya Shafi hutangulia mirathi. Zasalia 2457, namba witiri isiyogawanyika hata kwa 2. Mjane sasa ana gramu 307 na thumuni ya gramu.

Vipande hivyo mizani ya sonara yavipima. Basi tusiipende namba nyepesi kugawa tukala haki ya maskini.