Buji nyeusi ni shahidi, si mkosaji

Katika miji ya Butembo na Beni, jimbo la Kivu ya Kaskazini, pikipiki inabeba karibu kila kitu: mama anayeenda kujifungua, gunia la mihogo, magodoro ya jamaa iliyokimbia vita. Kando ya TVS na Boxer zinazojaa barabarani, bado ziko Yamaha AG100 na DT125 za zamani, zile ambazo moteri yake inachoma oili pamoja na esansi. Wenye nazo wanalalamikia jambo moja: buji inakuwa nyeusi, moteri inazimika kwenye mlima, na esansi inaisha haraka.

Desturi inajulikana. Fundi anafungua buji, anaweka mpya, motari analipa na kuondoka. Baada ya siku chache anarudi na ugonjwa uleule. Desturi hiyo inafaa kuachwa. Buji haijichafui. Inaonyesha kile kinachofanyika ndani ya moteri, na fundi anayeitupa bila kuitazama anatupa habari ambayo mteja amekwisha kuilipia.

Kusoma buji si jambo gumu. Pikipiki itembee kwanza kwa nguvu kilomita chache, kisha izimwe na buji ifunguliwe. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, moteri iko salama. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, esansi ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu wa mafuta, oili imezidi au inavuja mahali. Ikiwa nyeupe, moteri inawaka moto kupita kiasi, na pistoni inaweza kutoboka.

Masizi makavu yana sababu zake. Filtri ya hewa imezibwa na vumbi la barabara. Starta imeachwa imefungwa tangu asubuhi kwa sababu ya baridi ya Butembo. Sindano ya kabureta imelika, au boya lake halifungi vizuri. Kuna pia jambo ambalo wengi hawalifikirii: mwinuko. Butembo iko vilimani, juu ya Beni kwa mita mia kadhaa, na Kasindi iko chini zaidi, karibu na Ziwa Edward. Hewa ya mlimani ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa vizuri Kasindi, ikifika Butembo itatoa esansi nyingi kuliko hewa iliyopo. Kwa hiyo motari akihamia mji mwingine, kabureta nayo ipangwe upya.

Kuhusu oili, kosa kubwa ni kuiweka mara mbili. AG100 ina tanki yake ya oili na pompa inayoipeleka kwenye moteri. Mafundi wengine hawaiamini pompa hiyo, wanachanganya oili ndani ya esansi, lakini pompa inaendelea kufanya kazi. Wengine wanapima kwa jicho. Lita 1 ya oili kwa lita 25 za esansi ni asilimia 4. Lita hiyohiyo kwa lita 10 ni asilimia 10, na hapo moshi unajaa barabara nzima. Pompa ikiwa nzima, itumike peke yake. Ikiwa imekufa, mchanganyiko upimwe kwa chupa yenye alama, kufuatana na kitabu cha pikipiki.

Namba ya buji nayo isipuuzwe. Kwa buji za NGK, namba ikipanda buji inakuwa ya baridi zaidi, na buji ya baridi mno inachafuka haraka kwa pikipiki inayotembea polepole sokoni. Esansi ya chupa kutoka kwa kadhafi ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, hakuna buji itakayovumilia.

Mwenye pikipiki anaweza kupima mwenyewe. Kutoka Butembo hadi Beni ni karibu kilomita 54. Ajaze tanki, aende na kurudi, kisha ajaze tena. Akiongeza lita 4, pikipiki imetembea kilomita 27 kwa lita. Akiongeza lita 6, ni kilomita 18 tu. Kabla ya kulaumu kabureta, atazame pia kama breki inashika gurudumu au matairi hayana upepo.

Wengine watasema motari anayetafuta chakula cha watoto hana siku ya kupoteza garaji. Ni kweli, maisha ni magumu. Lakini kusafisha filtri na kutazama buji ni kazi isiyofika saa moja, na esansi inayopotea kila siku inatoka kwenye chakula hichohicho. Mwishowe inaongezwa kwenye bei ya safari, na anayeilipa ni abiria, hata yule aliyekimbia kijiji chake bila franka mfukoni.

Kuna hatari kubwa kuliko pesa. Barabara ya Beni-Kasindi na ile ya Mbau kwenda Kamango zimeona wasafiri wengi wakiviziwa na waasi wa ADF. Mahali pa namna hiyo, pikipiki inayozimika inaweza kugharimu maisha ya watu wawili au watatu.

Kwa hiyo vyama vya wamotari vihimize wanachama wao kukagua buji na filtri kabla ya safari ndefu. Vituo vinavyofundisha ufundi vijana waliokimbia vita viwafundishe kutafuta sababu, si kubadilisha vipande tu. Naye mteja, kila anapouziwa buji mpya, adai kuonyeshwa ile ya zamani na amuulize fundi: imechafuliwa na nini? Fundi asiye na jibu bado hajamaliza kazi.