Mnyapara Asiye na Uso



Wazee wetu katika mashamba ya kahawa ya Ruiru na mkonge wa Thika walimjua mnyapara kwa sura. Walipodhulumiwa, walijua mlango wa kubisha. Sisi madereva wa teksi na bodaboda tunaopata abiria kwa simu, mnyapara wetu ni programu: ndiyo inayogawa safari, kupanga nauli na kumfungia dereva bila kumsikiliza.

Programu hatuikatai, kwani yatuletea abiria upesi. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, yatupa haki ya kudai uamuzi mpya usiotolewa na mashine peke yake. Basi ukifungiwa, dai kwa maandishi, na nakala uilete chamani. Mmoja mmoja hatusikiki.